Kompyuta Mpya Inawaka Lakini Skrini Ni Nyeusi: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Kosa

Umemaliza kuunganisha vifaa, umebonyeza swichi, feni zinazunguka na taa zinawaka, lakini monita inaandika kwamba haipati mawimbi, kisha inajizima. Wengi wakifika hapa hukimbilia kurudisha kadi ya picha dukani au kununua pawa saplai nyingine kabla hawajajua kosa liko wapi. Katika kompyuta ambayo haijawahi kuwaka hata mara moja, kifaa kilichokufa si mtuhumiwa wa kwanza. Watuhumiwa wa kwanza ni kebo iliyochomekwa mahali pasipo pake, RAM ambayo haikuingia hadi mwisho, na BIOS (programu ndogo iliyomo kwenye madabodi inayoiwasha mashine) isiyoitambua prosesa.

Mfano nitakaoutumia ni wa mashine inayoundwa sana kwa bajeti ya kawaida: prosesa ya Ryzen 5 5600, madabodi ya B450 au B550, vipande viwili vya RAM ya DDR4, na kadi ya picha iliyokwisha kutumika. Pale ambapo Intel au mashine za DDR5 zinatofautiana, nitasema.

Fuata hatua kwa mpangilio wake, na kila mara badilisha kitu kimoja tu kabla ya kuwasha tena. Ukihamisha RAM, ukang'oa betri na kubadili kebo kwa pamoja, hata kompyuta ikiwaka hutajua ni kipi kilichokuwa kibovu, na tatizo likirudi utaanza upya.

## Vifaa vya kuandaa

- Bisibisi ya nyota, na tochi au taa ya simu.
- Kebo ya pili ya HDMI au DisplayPort, na skrini ya pili. Televisheni ya sebuleni inatosha.
- Kitabu cha maelekezo cha madabodi yako, cha karatasi au kilichopakuliwa kutoka tovuti ya mtengenezaji.
- Boksi la madabodi lenyewe, au kadibodi kavu.
- Raba nyeupe ya penseli na kitambaa kisichoacha nyuzi.
- Flashi ya USB isiyozidi gigabaiti 32, iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32.
- Spika ndogo ya madabodi, ile yenye waya mfupi, ikiwa madabodi yako haina taa za uchunguzi.
- Betri mpya ya CR2032, hasa kama madabodi ni ya mtumba.

## Tahadhari kabla ya kugusa chochote

Chomoa kebo ya umeme ukutani kila unapotaka kugusa kitu ndani ya kasha, kisha bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Kuzima tu hakutoshi, kwa sababu madabodi huendelea kupata volti 5 za kusubiri maadamu pawa saplai imechomekwa na swichi yake iko kwenye I.

Gusa sehemu ya chuma ya kasha isiyopakwa rangi kabla ya kushika RAM au prosesa, na usifanyie kazi juu ya zulia. Pawa saplai usiifungue kabisa, hata kama haijachomekwa, kwa kuwa kapasita zake hubaki na umeme wa kuua.

Baadhi ya pawa saplai za bei nafuu au za zamani zina swichi ndogo nyekundu ya kuchagua 115 au 230. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya ni 240, kwa hiyo ni lazima iwe kwenye 230. Ikiwa kwenye 115 na ukaiwasha, utasikia mlio na kuona moshi, na pawa saplai hiyo haitafaa tena. Kama umetumiwa vifaa na ndugu aliyeko Marekani, soma kibandiko cha pembeni na uhakikishe kimeandikwa 100 hadi 240 au 200 hadi 240 kabla ya kuchomeka.

## Hatua ya 1: Subiri

Kompyuta mpya inapowaka kwa mara ya kwanza, madabodi huanza kupima kasi na muda unaofaa RAM uliyoweka. Kwa DDR4 kazi hiyo huisha ndani ya dakika moja hivi. Kwa mashine za AM5 (soketi ya Ryzen 7000) zenye DDR5 inaweza kuchukua dakika kadhaa, na kwa RAM nyingi ikapita hata dakika kumi, huku skrini ikiwa nyeusi muda wote. Anayezima katikati kwa wasiwasi huifanya ianze upya.

Washa, kisha iache dakika 15 bila kuigusa. Dalili njema ni mashine kujizima na kujiwasha yenyewe mara moja au mbili, kisha picha ikatokea.

## Hatua ya 2: Monita na kebo yake

Tazama nyuma ya kasha. Kuna milango ya picha kwenye madabodi, iliyosimama karibu na ile ya USB, na kuna mingine iliyolala chini yake kwenye kadi ya picha. Kebo ya monita lazima iwe kwenye kadi ya picha. Ryzen 5 5600 haina uwezo wa picha ndani yake, kwa hiyo mlango wa HDMI wa madabodi hautatoa kitu hata ukisubiri mpaka kesho. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F, ziko vivyo hivyo. Ryzen 5 5600G ina picha yake, na prosesa nyingi za Ryzen 7000 pia zinayo, isipokuwa zile za F kama 7500F.

Baada ya hapo hakikisha monita imechaguliwa mlango sahihi kwa vitufe vyake. Monita yenye HDMI mbili inaweza kuwa inasubiri kwenye ile isiyo na kebo.

Ili kuthibitisha kwamba monita na kebo ni vizima, chomoa kebo upande wa kompyuta na uichomeke kwenye laptopu au king'amuzi. Picha ikitokea, monita na kebo hazina kosa na unaweza kuzisahau. Kama ulikuwa umeweka kiunganishi cha kugeuza HDMI kuwa VGA, kitoe kwenye majaribio haya, kwa sababu ni kifaa dhaifu kinachoharibika mapema.

## Hatua ya 3: Kebo za umeme ndani ya kasha

Madabodi inahitaji kebo mbili, si moja. Ya kwanza ni ile pana ya pini 24, upande wa kulia. Ya pili ni ya prosesa, yenye pini 8 zilizogawanyika 4 na 4, inayochomekwa kwenye kona ya juu kushoto, mahali ambapo mkono haufiki vizuri baada ya feni ya prosesa kufungwa. Hii ndiyo inayosahaulika. Bila hiyo feni zitazunguka na taa za mapambo zitawaka kama kawaida, lakini prosesa haitafanya kazi yoyote.

Kebo ya kadi ya picha nayo ina pini 8, ila imegawanyika 6 na 2, na mara nyingi imeandikwa PCIe. Usiibadilishane na ya prosesa, na kama kichwa cha kebo kinagoma kuingia usikilazimishe, maana mpangilio wa chanya na hasi wa kebo hizi mbili umepishana.

Onyo lingine linahusu pawa saplai zenye kebo za kuchomoa. Usitumie kebo za pawa saplai moja kwenye nyingine hata kama zinaingia bila shida. Upande wa pawa saplai hauna mpangilio mmoja kwa watengenezaji wote, na kebo ngeni inaweza kupeleka volti 12 kwenye SSD inayotaka volti 5.

Sukuma kila kichwa mpaka kibano chake kishike, kisha kivute taratibu. Kikikaa imara bila kucheza, hatua hii imekamilika.

## Hatua ya 4: Soma taa za madabodi

Washa, na feni zikiwa zinazunguka tazama taa za uchunguzi kwenye ukingo wa kulia wa madabodi. MSI huziita taa hizi EZ Debug LED na ASUS huziita Q-LED. Ni taa nne ndogo zenye maandishi CPU, DRAM, VGA na BOOT, na huwaka moja baada ya nyingine kwa mpangilio uleule ambao madabodi hukagua vifaa. Taa inayoganda ndiyo inayoonyesha ukaguzi ulipokwama.

Ikiganda CPU, rudia hatua ya 3 kisha uende ya 7 na ya 10. Ikiganda DRAM, nenda hatua ya 5. Ikiganda VGA, nenda ya 8. Ikiganda BOOT wakati skrini ni nyeusi, hiyo ni habari njema: kompyuta imekwisha kuiona kadi ya picha na inatafuta diski yenye mfumo, kwa hiyo kosa liko baina ya kadi na monita. Rudi hatua ya 2.

Kama madabodi haina taa hizi, chomeka spika ndogo kwenye pini zilizoandikwa SPEAKER na usikilize. Mlio mmoja mfupi kwa kawaida ni salama. Milio mingine ina maana tofauti kulingana na mtengenezaji wa BIOS, kwa hiyo itafsiri kwa kitabu cha madabodi yako.

## Hatua ya 5: RAM

Hapa nakuomba usiharakishe, kwa sababu RAM ndiyo inayoonekana imekaa vizuri wakati haijakaa.

Toa vipande vyote viwili. Chukua kimoja tu na ukiweke kwenye sloti ya pili kutoka kwenye prosesa, ambayo mara nyingi imeandikwa A2 au DIMMA2. Katika madabodi nyingi zenye sloti nne, nyaya za mawasiliano hufikia sloti ya pili na ya nne mwishoni, na ishara huwa safi zaidi mwisho wa njia kuliko katikati yake. Ndiyo sababu vitabu vingi vya maelekezo vinataka uanze na hizo.

Madabodi nyingi za sasa zina kibano upande mmoja tu wa sloti. Upande wa pili umefungwa, na huo ndio unaobaki juu kidogo bila mwenye kompyuta kutambua. Weka vidole gumba viwili, kimoja kila mwisho, ukandamize upande usio na kibano kwanza mpaka ukome, kisha upande wa kibano mpaka usikie mlio wa kushika. Ukimulika tochi kwa ubavu, mstari wa dhahabu wa RAM unapaswa kuwa umezama wote kwa usawa. Ukiona dhahabu imechungulia upande mmoja zaidi ya mwingine, umepata kosa lako.

RAM ya mtumba, hasa iliyokaa miji ya pwani kama Mombasa, Tanga au Dar es Salaam ambako hewa ina unyevu na chumvi, inaweza kuwa na utando kwenye meno yake. Ilaze juu ya meza, sugua meno kwa raba nyeupe pande zote mbili bila kukandamiza, futa vumbi la raba kwa kitambaa, kisha irudishe.

Washa na usubiri dakika chache. Ikigoma, weka kipande cha pili kwenye sloti ileile. Kipande kimoja kikiwaka na kingine kikigoma katika sloti ileile, kibovu ni kile kilichogoma. Vyote vikigoma A2 lakini vikawaka B2 (sloti ya nne), shuku sloti, au njia yake kwenye soketi ya prosesa.

## Hatua ya 6: Futa mipangilio ya BIOS

Madabodi ya mtumba inaweza kuwa imebeba mipangilio ya mwenye zamani, kama kasi ya RAM ambayo RAM yako haiwezi. Chomoa umeme ukutani, ng'oa betri ya duara ya CR2032, bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde kumi, kisha subiri dakika tano kabla ya kuirudisha. Vinginevyo gusisha pini mbili zilizoandikwa CLR_CMOS au CLRTC kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde kumi, umeme ukiwa umechomolewa.

Ukifanikiwa, kuwaka kwa kwanza kutachelewa, kisha utaona ujumbe wa kukutaka ubonyeze F1 au uingie kwenye BIOS kuweka tarehe.

## Hatua ya 7: Je, BIOS inaitambua prosesa?

Madabodi za B450 ziliingia sokoni mwaka 2018, na prosesa za kwanza za Ryzen 5000 zilitoka Novemba 2020. Madabodi ambayo BIOS yake haijasasishwa tangu kabla ya hapo haiijui Ryzen 5 5600, ingawa inaingia kwenye soketi bila tatizo lolote. Hata B550, iliyotoka Juni 2020, inaweza kuwa na BIOS ya zamani ikiwa ni ya toleo la mwanzo. Kwa Intel hali ni hiyohiyo ukiweka prosesa ya kizazi cha 14, cha Oktoba 2023, kwenye madabodi ya B660 au Z690. Dalili yake ni taa ya CPU kuganda na feni kuzunguka bila mwisho.

Tovuti ya mtengenezaji ina orodha ya prosesa na toleo la BIOS linalohitajika kwa kila moja. Linganisha na kibandiko kilichoko kwenye boksi au kwenye madabodi yenyewe.

Ikiwa madabodi yako ina kitufe cha kusasisha BIOS kwa USB, huhitaji hata prosesa kufanya kazi. Pakua faili kwa kompyuta nyingine, liweke peke yake kwenye flashi ya FAT32, na ulipe jina ambalo kitabu kinataka; kwa madabodi nyingi za MSI jina hilo ni MSI.ROM. Chomeka flashi kwenye mlango wa USB uliowekewa alama, si mwingine, kisha acha mashine ikiwa imezimwa lakini pawa saplai iko kwenye I. Bonyeza kitufe mpaka taa yake ianze kumeta, na usiiguse mpaka iache kumeta. Taa ikimeta mara chache tu na kukoma, au ikabaki imewaka bila kumeta, mara nyingi jina la faili au mfumo wa flashi umekosewa.

Fanya kazi hii ukiwa na UPS. Umeme ukikatika katikati, madabodi yenye kitufe hiki kwa kawaida inaweza kurudiwa, lakini isiyo nacho inaweza isiwake tena bila fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu.

Kama hakuna kitufe, itabidi upate kwa muda prosesa ya zamani ambayo BIOS inaijua, kwa mfano Ryzen ya 2000 kwa B450 au Ryzen 5 3600 kwa B550, usasishe, kisha urudishe yako. Mafundi wengi wa Kariakoo na wa Luthuli Avenue jijini Nairobi huwa na prosesa ya namna hiyo. Uliza kabla ya kubeba mashine nzima.

## Hatua ya 8: Kadi ya picha

Itoe, safisha meno yake kwa raba, na uirudishe kwenye sloti ndefu ya juu kabisa mpaka kibano cha mwisho kishike. Hakikisha kila tundu la umeme kwenye kadi lina kebo. Kadi ya zamani sana isiyofahamu UEFI (BIOS ya kisasa) inaweza kukaa kimya kwenye madabodi ambayo CSM (mpangilio wa BIOS unaoruhusu vifaa vya zamani) imezimwa, na hapo utahitaji kadi nyingine ya kuazima ili uingie BIOS. Jaribio la uhakika ni kuiweka kadi kwenye kompyuta nyingine inayofanya kazi. Ikitoa picha huko, iondoe kwenye orodha ya watuhumiwa.

## Hatua ya 9: Toa kila kitu nje ya kasha

Ikiwa bado kuna giza, fungua skrubu zote na uilaze madabodi juu ya boksi lake. Usiiweke juu ya ule mfuko wa kijivu uliokuja nao, kwa sababu uso wa nje wa mifuko hiyo unaweza kupitisha umeme. Bakiza prosesa na feni yake, kipande kimoja cha RAM, kadi ya picha, kebo ya pini 24 na ile ya prosesa, pamoja na ya kadi. Diski, feni za kasha, taa na USB za mbele vyote vibaki vimechomolewa.

Tafuta kwenye kitabu pini mbili za PWR_SW na uziguse kwa pamoja na ncha ya bisibisi kwa sekunde moja, kama unavyobonyeza swichi.

Ikiwaka hapa, kosa lilikuwa kwenye kasha. Hesabu zile nguzo ndogo za shaba zinazobeba madabodi. Nguzo moja iliyobaki mahali pasipo na tundu la skrubu hugusa solda za nyuma na kufanya shoti. Kagua pia kile kibati cha nyuma chenye matundu ya milango, kwani ulimi wake mmoja ukiingia ndani ya mlango wa USB au HDMI unatosha kuzuia mashine. Mwisho, jaribu bila waya wa kitufe cha RESET. Kitufe kilichonasa ndani huifanya kompyuta ianze upya daima na isifike kwenye picha.

## Hatua ya 10: Prosesa na soketi

Nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo hatua inayoharibu zaidi ikifanywa kwa pupa.

Prosesa za AM4, kama Ryzen 5 5600, zina pini chini yake. Iache mashine iwake dakika kadhaa ili pesti ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na kipozeo ilegee, zima na uchomoe, kisha zungusha kipozeo kidogo kulia na kushoto kabla ya kukiinua. Ukikivuta moja kwa moja kinaweza kung'oka na prosesa ikiwa bado imefungwa kwenye soketi, na pini zikapinda. Pini iliyolala inaweza kunyanyuliwa kwa ncha tupu ya penseli ya kubonyeza, taratibu na kwa mwelekeo mmoja. Iliyokatika ni kazi ya fundi.

Kwa soketi za LGA1700 ya Intel na AM5, pini ziko kwenye soketi yenyewe na ni laini mno. Usiziguse kwa kidole. Piga picha kwa simu mwanga ukitoka ubavuni, ukuze picha, na utafute pini inayong'aa tofauti na jirani zake.

Unaporudisha kipozeo, kaza skrubu zake kwa mshazari, kidogo kidogo kila moja. Ukikaza upande mmoja kupita kiasi, prosesa huinama kwenye soketi na njia za RAM hukosa mguso, na hapo taa ya DRAM huwaka ingawa RAM yenyewe ni nzima.

## Ikiwa yote yameshindikana

Sasa ndipo unapostahili kushuku kifaa kilichokufa. Azima kwanza pawa saplai inayofanya kazi, kisha RAM, kisha madabodi. Prosesa mpya kufa yenyewe ni nadra, kwa hiyo iwe ya mwisho. Unaporudisha kifaa dukani, beba risiti, boksi lenye namba ya kifaa, na video fupi inayoonyesha taa iliyoganda mashine ikiwa juu ya boksi. Muuzaji aliyeonyeshwa kwamba kifaa kingine cha aina hiyohiyo kilifanya kazi mahali hapohapo hana nafasi ya kukwambia kwamba umekosea kuunganisha.

## Picha ikitokea

Ingia BIOS kwa kitufe cha Delete au F2. Hakikisha jina la prosesa ni sahihi, na uiache dakika kumi ukitazama joto lake. Likiwa linapanda bila kusimama hadi kufikia nyuzi 80 na zaidi ukiwa ndani ya BIOS tu, kipozeo hakijakaa au karatasi ya plastiki iliyoko chini yake haikubanduliwa.

Zima, ongeza kipande cha pili cha RAM kwenye sloti ya nne, washa, na uone kama jumla ya gigabaiti imetimia. Endelea hivyo na diski, kisha feni za kasha, kisha waya za mbele, ukiwasha baada ya kila nyongeza. XMP (mpangilio wa BIOS unaoiendesha RAM kwa kasi yake iliyotangazwa) iwashe mwisho kabisa. Ikileta giza tena, madabodi nyingi zitajaribu mara kadhaa na kurudi kwenye kasi ya kawaida zenyewe. Isiporudi, futa mipangilio kama ulivyofanya katika hatua ya 6 na uchague kasi iliyo chini yake kidogo, kwa mfano 3000 badala ya 3200.